Benki inataka hati na mimi sina nyumba: nitanunuaje mashine ya kusaga ya bosi wangu?

Swali: Shikamoo. Nakaa Pasua, hapa Moshi, na nina watoto wawili. Kwa miaka sita nimesimamia mashine ya kusaga na kukoboa mahindi ya mzee mmoja ambaye sasa amechoka, anataka kurudi kwao Rombo. Amesema ataniuliza mimi kwanza kabla hajatangaza. Anataka milioni 36 kwa mashine zote mbili, mota, mizani, jina na wateja. Fremu si yake, amepanga. Nina milioni 8 taslimu na milioni 3 za akiba kwenye SACCOS. Benki niliyokwenda wameniomba hati ya nyumba au kiwanja, sina. Baba yuko tayari kunipa kihamba chake cha Marangu, shamba la ukoo, nikiweke dhamana, ila kaka zangu bado hawajaambiwa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na kihamba, kwa sababu katika yote uliyoandika ndicho pekee kisichoweza kununuliwa tena kikipotea. Usikiweke dhamana. Baba yako amekuonyesha upendo mkubwa, hasa ukizingatia jinsi mabinti wa Kichagga walivyozoea kuachwa nje ardhi inapogawanywa, na umshukuru kwa moyo wote. Lakini kihamba kina makaburi ya babu zenu, kina kaka zako wanaojihesabu kuwa wenye haki, na kina mama yako, ambaye ridhaa yake inatakiwa kisheria nyumba ya ndoa inapowekwa rehani. Ukikwama miezi mitatu tu, kesi haitakuwa kati yako na benki. Itakuwa kati yako na ukoo mzima, na itakuwepo hata baada ya deni kwisha.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mkopeshaji akishashika ardhi mkononi, haoni haja ya kukuuliza kama biashara yenyewe inaweza kulipa. Kwa miaka niliyokaa kwenye meza ya mikopo nimeona mafaili yanapita kwa wepesi kwa sababu tu hati ilikuwa juu, na baadaye watu wakalipa kwa kuuza walichonacho. Mtu asiye na hati analazimika kuthibitisha kwamba biashara inajilipia. Ni kazi ngumu, lakini itakukinga kuliko dhamana yoyote.

Yule afisa wa benki aliyekuomba hati hakuwa na nia mbaya. Anajiuliza swali moja: ukishindwa, nitapata wapi pesa ya benki? Mashine ya kusaga iliyotumika inang'olewa usiku mmoja na kupakiwa kwenye Fuso, na ikifika mnadani inauzwa nusu ya bei au chini ya hapo. Jina na wateja haviuziki mnadani kabisa. Kwa hiyo unachonunua, kwa macho yake, ni kitu kisichoshikika. Kazi yako ni kukifanya kishikike kwa karatasi, na wewe una bahati ambayo mnunuzi mwingine hana: umekuwa ndani miaka sita.

Anza na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Katika biashara ya mashine umeme hausemi uongo. Chagua siku tatu za kawaida, si za mwisho wa mwezi wala sikukuu. Soma mita asubuhi kabla ya kuwasha, hesabu kila debe linalopita, soma tena jioni mkifunga. Dona na sembe uziandike mbali mbali, kwa sababu sembe inapita mashine mbili na inakula umeme zaidi. Tuseme umepata debe 80 kwa uniti 128, yaani uniti 1.6 kwa debe. Sasa kusanya manunuzi yote ya LUKU ya miezi 24 iliyopita, kwenye ujumbe wa tokeni au taarifa ya simu ya mzee, gawa uniti za kila mwezi kwa 1.6, na utapata debe zilizosagwa mwezi huo. Uniti 3,200 ni debe 2,000. Daftari la mzee likisema debe 3,000 na umeme unasema 2,000, amini umeme.

Halafu uliza habari za pumba. Hapa kwetu, watu wa Kibosho, Machame na Old Moshi wanafuga ng'ombe wa ndani, na pumba ni pesa ya kila wiki. Mara nyingi haiingii kwenye daftari wala kwenye mashine ya EFD (ile ya risiti za TRA), inaingia mfukoni. Wewe unajua kama pumba zinabaki kwa mwenye mashine au mteja anaondoka nazo. Ziandike, kwa sababu zinaweza kuwa tofauti kati ya biashara inayolipa deni na isiyolipa.

Sina daftari lako, kwa hiyo nitatumia mfano unaoendana na ukubwa wa mashine ulioueleza. Debe 2,000 kwa mwezi kwa shilingi 1,400 ni milioni 2.8. Pumba laki 5 na 80 elfu. Jumla milioni 3 na laki 3 na 80 elfu. Toa umeme, milioni 1 na laki 1 na nusu. Toa mishahara ya vijana wawili, laki 5. Toa kodi ya fremu, laki 2 na nusu. Toa nyundo, chekeche, mikanda na beringi, laki 1 na 60 elfu, na hapa usijidanganye, kwa sababu beringi haisubiri uwe na hela. Toa TRA na leseni, laki 1 na 40 elfu. Inabaki milioni 1 na laki 1 na 80 elfu.

Watu wengi hapo hushangilia na kusema faida ni milioni moja na ushee. Bado. Wewe mwenyewe unafanya kazi hapo na watoto wanakula. Toa mshahara wako, tuseme laki 3 na nusu. Kinachobaki, laki 8 na 30 elfu kwa mwezi, kama milioni 10 kwa mwaka, ndicho pekee kinachoweza kulipa deni. Na usikiahidi chote. Theluthi mbili ikienda kwa wanaokudai, kama laki 5 na nusu hadi 6, umefika mwisho. Mkopo wowote au mpangilio wowote unaovuka hapo, hata ukiletwa na malaika, ukatae.

Sasa rudi kwenye ile milioni 36. Mlete fundi wa mashine asiyejuana na mzee, akakague mota, shafti, nyumba ya nyundo na stata, na akuandikie thamani ya kila kitu kama kilivyo leo. Tuseme vyote vimefika milioni 17. Basi mzee anaomba milioni 19 kwa ajili ya jina, wateja na kilemba (pesa ya kuachiwa fremu), yaani faida ya karibu miaka miwili ambayo wewe mwenyewe ndiye utakayeitolea jasho. Ni nyingi mno. Kwa biashara iliyokaa kwenye jengo la mtu mwingine, mimi nisingelipa zaidi ya faida ya mwaka mmoja juu ya thamani ya mashine. Kwa mfano huu, milioni 26 ni bei ya heshima kwa pande zote mbili.

Usiende kumpinga mzee kwa maneno. Nenda na karatasi ya fundi na hesabu ya umeme, mkae naye na mkewe, na umwambie: mzee, nataka nikulipe, na mashine hii ina uwezo huu. Wazee wa kwetu wana hasira na mtu anayewadharau, ila wanaheshimu hesabu.

Na hapo ndipo unapomwomba jambo lililo muhimu kuliko yote katika jibu hili: mzee mwenyewe awe mkopeshaji wako wa kwanza. Akuachie mashine, apokee sehemu ya pesa sasa na sehemu kidogo kidogo kutoka kwenye mapato. Si jambo geni. Kila kijana wa bodaboda ya mkataba pale stendi anafanya hivyo: analeta hesabu, na siku zikitimia pikipiki inakuwa yake. Wewe unaomba bodaboda yako iwe mashine ya kusaga. Mzee hana haja ya hati yako kwa sababu anakujua, anaijua mashine, na ukishindwa anaweza kuirudia na kuiendesha au kumuuzia mwingine. Hakuna benki yenye uwezo huo.

Kama mzee atakataa kabisa kusubiri hata shilingi moja, lichukue jibu hilo kwa uzito. Mtu aliyeendesha biashara miaka yote na anasema inaingiza vizuri, kwa nini anaogopa kulipwa na mapato hayo hayo? Pengine ana shida ya haraka, ana mgonjwa au ana ada, na hilo linaeleweka, mnaweza kuongeza malipo ya mwanzo. Pengine anajua jambo ambalo wewe hujalijua: mwenye jengo anataka kubomoa, au kuna mashine mpya inafungwa mtaa wa pili. Muulize kwa upole mpaka ujue.

Mpango ninaouona kwako ni huu. Bei milioni 26. Katika milioni 8 zako taslimu, toa 6 tu. Mbili zibaki, na nitaeleza kwa nini. SACCOS ikupe milioni 8. Mzee abaki anakudai milioni 12, bila riba, na umlipe laki 3 na nusu katika miezi minane mizuri ya mwaka na laki 2 katika miezi minne mibaya. Hiyo ni milioni 3.6 kwa mwaka, na deni linakwisha ndani ya miaka mitatu na miezi michache. Akishikilia milioni 30, usikimbie. Mpe bei yake, wewe chukua masharti: nyongeza iingie kwenye deni la pole pole, miaka iwe mitano. Shilingi inayolipwa baada ya miaka minne bila riba ni nyepesi sana kuliko ya leo, na mzee anaweza kuwaambia jamaa zake Rombo kwamba aliuza kwa 30.

Kuhusu SACCOS. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo kwa milioni 3 zako unaweza kuomba hadi 9, ila omba 8. Kumbuka akiba yako itafungwa mpaka umalize, na wanachama watakaokudhamini nao wanajifunga, kwa hiyo wachague watu ambao ungeona aibu kuwaangusha. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni moja: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho? Chukua milioni 8 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 36. Kwa salio linalopungua utalipa kama laki 2 na 89 elfu kila mwezi. Kwa mkopo wote utalipa laki 3 na 42 elfu. Asilimia inayotajwa ni ile ile, lakini mwisho wa safari umelipa karibu milioni 1.9 zaidi. Waombe wakuchapie jedwali la marejesho lenye tarehe na kiasi, na usisaini bila kulishika.

Ongeza laki 2 na 89 elfu na laki 3 na nusu za mzee katika mwezi mzuri, ni laki 6 na 39 elfu. Ni juu kidogo ya kiwango nilichokupa, lakini kwa wastani wa mwaka ni laki 5 na 89 elfu, bado uko ndani yake, na mwezi mzuri unaingiza zaidi ya wastani, unabeba. Mwezi mbaya ndio wa kuogopa. Mapato yakishuka robo, umeme nao utapungua, lakini mishahara, fremu na TRA vitabaki pale pale. Nimepiga hesabu: baada ya mshahara wako itabaki laki 2 na 70 elfu hivi, na wanaokudai wanahitaji laki 4 na 89 elfu. Kuna pengo la zaidi ya laki 2 kila mwezi, kwa miezi minne karibu laki 9. Ndiyo maana nimekuambia milioni 2 zibaki. Hizo si za kupaka rangi fremu wala kununua mizani mpya. Zikae kwenye akaunti yenye jina lako, na kila mwezi mzuri uzijazie tena. Pia angalia tarehe ya kodi ya fremu. Kama mwenye nyumba anachukua miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni milioni 1 na nusu kwa siku moja, na ikiangukia kwenye mwezi mbaya itakumeza hata kama hesabu ya mwaka inapendeza.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, sitaisema kwa maneno mengi, hesabu inatosha. Milioni 8 kwa asilimia 10 kwa mwezi ni laki 8 za riba peke yake. Faida yote ya mashine imekwenda na deni liko pale pale. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kwa biashara lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Asiyekuonyesha leseni, au anayetaka kadi yako ya benki na namba ya siri, ondoka ofisini kwake.

Zipo njia nyingine za kujaziliza, nazo nitazipitia haraka. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ila ni ya vikundi. Usitunge kikundi cha majina ili ununue biashara ya mtu mmoja, kitakugeuka. SIDO, ambayo ipo tangu 1973 na ina ofisi hapa Kilimanjaro, hutoa mikopo midogo kwa wajasiriamali na ushauri wa mashine, nenda ukaongee nao hata kama hutakopa. PASS Trust, iliyoanza mwaka 2000, haikopeshi bali inakudhamini kwa benki kwa sehemu ya mkopo, katika kilimo na usindikaji wa mazao, na mashine ya kusaga inaingia humo. Ukirudi benki, mtaje PASS kabla hawajataja hati. Kampuni za karadha (zinazokukodisha mashine mpaka umalize kuilipa), EFTA ikiwemo, huchukua mashine yenyewe kuwa dhamana, lakini kwa kawaida wanapenda mashine mpya kutoka kwa muuzaji wa mashine. Kwa hiyo hao nawaona wa baadaye, siku mota ya mzee itakapochoka. Na ndugu wa Dar au Arusha akitaka kuweka pesa yake, kwanza iandikwe kama ni mkopo au ni hisa. Undugu wa mdomo kwenye pesa huishia vibaya.

Kabla hujaomba popote, safisha jina lako. Taarifa za wakopaji zinakusanywa, na deni dogo la simu ulilosahau la elfu 20 linaweza kukukwamisha kwenye milioni 8. Lilipe. Na omba ruhusa ya mzee, tena kwa maandishi, kabla ya kumwonyesha mkopeshaji makaratasi yake ya mauzo. Bado ni mali yake. Jiandae pia kwa tofauti utakayoikuta: kama mzee alikadiriwa na TRA kwa mauzo ya milioni 18 kwa mwaka na wewe unasema ni 40, afisa mikopo ataamini 18. Hapo taarifa za LUKU na za Lipa Namba ndizo zitakazokusemea, na hiyo pia ni hoja ya kushusha bei, kwa sababu wewe ndiye utakayetangaza mauzo ya kweli na kulipa kodi yake.

Sasa fremu. Hapa nakuomba usome taratibu. Unanunua biashara isiyo na ardhi, na hiyo ina maana kila kitu chako kimesimama juu ya sakafu ya mtu mwingine. Usitoe hata shilingi kwa mzee kabla hujakaa na mwenye jengo na kusaini mkataba wako mwenyewe, si kurithi wa mzee. Uwe na miaka isiyopungua ile ya deni lako, useme kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, na uwe na kipengele kinachosema mashine zilizofungwa kwenye zege ni mali ya mpangaji na anaondoka nazo. Nimeona mwenye nyumba akidai kwamba kilichofungwa kwa nati kwenye sakafu yake ni chake. Angalia pia mita ya umeme wa fezi tatu iko kwa jina la nani, na kama ina deni, kwa sababu deni hukatwa na mita bila kujali nani ananunua tokeni. Mkataba wa pango ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Wengi hukwepa hela hiyo ndogo, na siku ya kesi mkataba wao haupokelewi mahakamani.

Mkataba wako na mzee uandikwe na wakili, na ada yake iingize kwenye gharama tangu sasa. Mambo ambayo nisingekubali yakosekane ni haya. Unanunua mali zilizoorodheshwa, mashine kwa namba zake, na hununui madeni yake ya TRA, NSSF au ya wauzaji wa vipuri. Mzee athibitishe kwa maandishi kwamba mashine haziko rehani kwa mtu yeyote. Umiliki wa mashine ubaki kwake mpaka umalize, sawa, ila ukichelewa apewe nafasi ya kukuandikia na wewe nafasi ya kulipa, siku 60 kwa mfano, na akizichukua baada ya hapo akurudishie sehemu ya ulichokwisha lipa. Vijana wa bodaboda hunyang'anywa pikipiki wiki za mwisho kabisa kwa sababu kipengele hiki hakikuandikwa. Mzee na watoto wake wasifungue wala wasidhamini mashine nyingine Pasua na mitaa ya jirani kwa miaka kadhaa. Na liandikwe litakalotokea mmoja wenu akifariki: warithi wake wapokee marejesho yale yale, wasije na lori kuchukua mashine. Mke wake na mtoto wake mkubwa wasaini kama mashahidi. Si kwamba tunawashuku. Msiba ukitokea, anayekumbuka makubaliano ni yule aliyesaini.

Malipo yote yapite benki au kwenye simu yenye jina lake kamili. Pesa mkononi hapana, hata kama amekuja Moshi kutibiwa na anahitaji nauli.

Leseni ya biashara haihamii kwako. Utaomba ya kwako halmashauri, kwa TIN yako, na TRA watakukadiria upya. Jina la biashara mkitaka libaki, mabadiliko ya mwenye jina yanafanyika BRELA, wanaosajili majina ya biashara. Ukianza kufunga unga kwenye mifuko na kuuza kwa jina lako, jua kwamba umeingia kwenye mambo ya TBS, watu wa viwango vya ubora, tofauti na kumsagia mteja mahindi yake.

Wale vijana wawili wa mashine, na wewe mwenyewe, mna stahili kwa mzee. Ajira yenu kwake ikikoma kwa sababu anauza, sheria ya kazi ya 2004 inampa mtumishi wa zaidi ya mwaka kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Kwako ni siku 42. Si hela nyingi, ila mnaweza kukubaliana ikatwe kwenye bei, na ya vijana mzee aimalize kabla hajaondoka ili usije ukadaiwa miaka ambayo hukuwa mwajiri.

Kama baada ya yote haya mzee ataona kumsubiri mtu miaka mitatu ni kirefu mno, usivunjike moyo na usikimbilie kihamba. Mwombe akukodishe mashine kwa mwaka mmoja kwa kiasi cha kila mwezi mtakachokubaliana, nusu ya kodi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei utakapoamua kununua, na bei yenyewe iandikwe leo. Katika mwaka huo mauzo yote yapite kwenye EFD na Lipa Namba yako mwenyewe, akiba ya SACCOS uiongeze, na leseni na makadirio ya TRA viwe kwa jina lako. Ukirudi kwa mkopeshaji yeyote wa Moshi na miezi 12 ya namna hiyo mkononi, mazungumzo yataanzia kwenye mapato ya mashine.